Kubanwa kwa Mfereji wa Uti wa Mgongo na Matibabu Yake

Katika miji yetu wamo wazee wengi ambao zamani walikuwa wakienda msikitini kwa miguu bila ya taabu yoyote, na leo hawawezi kupita nyumba kumi ila wasimame, wainame, au watafute baraza wakae. Wakisha kukaa kitambo kidogo maumivu hutulia, nao huinuka wakaendelea. Lakini baada ya hatua kadha wa kadha miguu huwa mizito tena, ikafa ganzi na kuwaka. Baadhi ya jamaa huwaambia, "Huo ni uzee, subirini." Wengine huwapeleka kwa wakandaji, na wengine huingiwa na khofu wakauza shamba ili mzee apelekwe ng'ambo kupasuliwa. Sisi twaona kuwa yafaa kila nyumba iyajue maradhi haya, kwani mwenye kujua ndiye awezaye kuchagua.

Mifupa ya mgongo imepangwa pingili juu ya pingili, na nyuma yake umo mfereji unaopitisha uti wa mgongo na mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Mtu akipindukia miaka 50, visahani vilivyo baina ya pingili huanza kusinyaa na kutokeza nje, kano hunenepa, na viungo vya pingili huota vijifupa. Mfereji ukawa mwembamba, na mishipa ikabanwa. Henk Verbiest, daktari mpasuaji wa Uholanzi, aliyaeleza maradhi haya waziwazi katika mwaka 1954, na tangu hapo matabibu wameyafahamu vizuri zaidi.

Dalili yake kubwa ni hii: mgonjwa akisimama wima au akitembea huumia, na akikaa au akiinama mbele hupata raha, kwa kuwa kuinama huupanua mfereji. Ndiyo maana mtu huyu huweza kupanda baiskeli mwendo mrefu naye hawezi kutembea mwendo mfupi, na kuteremka mlima humtesa kuliko kuupanda. Lakini yapasa kutahadhari. Mishipa ya damu ya miguu ikiziba, nayo huleta maumivu ya kutembea. Ila maumivu hayo hutulia mtu akisimama tu, bila ya kukaa wala kuinama. Kisukari nacho huleta ganzi ya miguu. Kwa hiyo kwanza mgonjwa na apimwe na daktari.

Wala picha peke yake haitoshi. Katika mwaka 1990 wataalamu wa Marekani walipiga picha za MRI watu 67 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo kamwe. Na katika wale waliotimia miaka 60 au zaidi, kiasi cha mmoja katika watano alikutwa na mfereji mwembamba. Basi anayetibiwa ni mtu na taabu yake, si picha.

Ama matibabu, yako ya daraja tatu. Daraja ya kwanza ni mazoezi: kunyosha mgongo kwa kuukunja mbele, kutia nguvu misuli ya tumbo na nyonga, kutembea kwa vipande na kupumzika, kupunguza uzito, na kutumia mkongojo. Yafaa yafundishwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Pamoja na hayo kuna dawa za kutuliza maumivu. Lakini dawa hizi zikinywewa siku nyingi bila ya shauri la daktari huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, khasa kwa wazee. Wagonjwa wengi ambao maradhi yao si makali hubaki katika hali moja miaka mingi, na baadhi yao hupata nafuu.

Daraja ya pili ni sindano ya steroidi katika mgongo. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2014, wagonjwa 400 waligawanywa: nusu walidungwa dawa ya ganzi pamoja na steroidi, na nusu dawa ya ganzi peke yake. Baada ya wiki sita tofauti baina yao ilikuwa ndogo mno. Basi asitoe mtu mali nyingi kwa sindano akitumaini kupona kabisa.

Daraja ya tatu ni upasuaji, yaani kuondoa sehemu ya mfupa na kano iliyobana. Huu hufaa zaidi kwa maumivu ya miguu kuliko ya mgongo wenyewe. Katika uchunguzi wa Pittsburgh uliotangazwa mwaka 2015, wagonjwa 169 waliokwisha kukubali kupasuliwa waligawanywa, baadhi wapasuliwe na baadhi wafanye mazoezi. Baada ya miaka miwili nguvu za makundi yote mawili zilikuwa sawa. Lakini katika watu 82 wa mazoezi, 47 walipasuliwa baadaye. Twajifunza hapa kuwa kuanza na mazoezi si hasara, na asiyefaidika nayo mlango wa upasuaji haujafungwa. Na katika mwaka 2016 wataalamu wa Sweden walionyesha kuwa kuongeza vyuma vya kuunganisha pingili hakukuwapa wagonjwa wao faida zaidi ya kuondoa kibano peke yake. Basi mgonjwa akiambiwa atiwe vyuma, na aulize sababu. Na ajue kuwa kila upasuaji una khatari zake: kutunga usaha, damu kuganda, na utando wa mishipa kutoboka.

Lakini ziko dalili zisizongoja mashauri: ganzi ya sehemu za siri na makalio, mkojo kuzuilika au kutoka bila ya khiari, na miguu kuishiwa nguvu kwa ghafla. Mwenye haya apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na vidole vikishindwa kufunga vifungo na mwendo ukiyumba, huenda kibano kiko shingoni. Aonwe na daktari upesi, wala asikandwe wala kuzungushwa shingo.

Watoto na wajukuu wana wajibu wao. Mzee akiona haya kuswali juu ya kiti, akumbushwe kuwa sheria imempa mgonjwa rukhsa ya kuswali kwa kukaa. Kijana na afuatane naye kwa daktari, aandike yanayosemwa, na aulize: Je, mazoezi yamejaribiwa vya kutosha? Upasuaji utampunguzia taabu ipi? Na asipopasuliwa itakuwaje? Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu, na kutafuta tiba kwa ujuzi ni katika kuwatendea wema wazazi. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.