Furaha ya mtoto haingoji Sikukuu

Tunguu, Wilaya ya Kati Unguja, watu huamka mapema. Jua halijachomoza vizuri, wako wanaongoja gari ya Mwanakwerekwe na Darajani, na wako waliokwisha kushika jembe kuelekea shamba la muhogo. Jioni mzazi anarudi amechoka, mtoto anarudi chuoni, na baada ya Isha kila mmoja ana usingizi wake. Siku inakwisha wawili hao hawakuzungumza zaidi ya "umekula?" na "kalale".

Wengi wetu tunahisi furaha ya watoto ni Sikukuu: nguo mpya, mkono wa Idd, kwenda kiwanjani. Ni kweli, lakini Idd ni mbili tu kwa mwaka. Siku zilizobaki je?

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo. Ulitaja mambo matano: afya, lishe, usalama, kujifunza mapema, na mzazi kumwitikia mtoto. Hilo la mwisho ndilo tunalolidharau. Mtoto akitoa sauti, akinyoosha kidole au akiuliza, wewe mtazame umjibu. Naye ataongeza lake. Katika kupokezana huko ubongo wake unajengeka, na hata mchanga ambaye hajatamka neno ana zamu yake.

Sasa tuingie jikoni. Mama anakuna nazi, mtoto wa miaka minne amechutama pembeni anangoja kipande. Kawaida tunamfukuza: "Toka, utajikata!" Meno ya mbuzi ni makali kweli, basi mkalishe mbali kidogo na umpe kazi. Ahesabu vifuu. Ayakamue machicha kwa mikono yake, yakimwagika kidogo si neno. Muulize kwa nini tui la kwanza ni zito na la pili ni jepesi. Jibu lake laweza kukuchekesha hadi usahau foleni ya gari, na hukutumia muda wa ziada, kwani nazi ilikuwa lazima ikunwe.

Akina baba msiseme hayo ni mambo ya jikoni. Njia ya kwenda dukani au msikitini inatosha kwa vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa akupe mji, ndipo umwambie ni yai. Kesho atataka kutega yeye, na atatega vya ajabu visivyo na jibu duniani. Wewe mpe mji tu, hata ukampa Unguja nzima.

Visiwani jambo hili lilishaingia hata redioni. Miaka ya 2000 kulikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze, ambapo watoto wa vijiji visivyo na skuli ya maandalizi walikusanyika kusikiliza redio pamoja na mlezi wa hapo hapo kijijini. Masomo yalipita katika nyimbo, hadithi na michezo. Yaani kile ambacho bibi zetu walikifanya juu ya mkeka kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" kilipewa ratiba na betri.

Kizuizi kikubwa siku hizi ni simu, hii hii unayosomea. Mtoto anayeita mara tatu bila kutazamwa hujifunza kutoita. Ukimaliza kusoma, iweke kifudifudi wakati wa chakula. Hata redio yetu, tunakuruhusu uizime.

Ziko siku utarudi huna hamu ya kusema na mtu, na ziko siku mtoto mwenyewe ni msumbufu. Usilazimishe. Na kama kazi yako inakurudisha watoto wamekwisha lala, tumia asubuhi, wakati wa kumvisha nguo za skuli. Mtegee kitendawili kimoja kisha panda gari yako bila kumpa jibu. Siku hiyo ataomba asilale mpaka urudi.