Kuizunguka Oman kwa gari: Ratiba ianze na jamaa

Likizo ya Desemba inapokaribia zipo familia za Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam zinazojiandaa kwenda Oman kuwatazama jamaa. Wengi hupenda pia kukodi gari na kuizunguka nchi hiyo, ambayo kwa muda wa juma moja humwonesha msafiri milima, jangwa na bahari. Nao msimu huo ni mwema, kwani joto kali huwa limepungua.

Kutembea kwa mazingatio ni jambo lililohimizwa. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Mola anatuelekeza tusafiri katika ardhi na tutazame namna alivyoanzisha uumbaji. Hata hivyo, safari ina adabu zake na ina hesabu zake, na tunaandika haya tukiwa tumekwisha kosea.

Sisi wenyewe tuliwahi kuifunga safari hiyo, tukaipanga kwa kufuata picha. Shangazi yetu aliyekuwa akiishi Ibra tulimtengea saa mbili tu, kati ya jangwa na pwani. Gari likanasa mchangani, tukafika kwake baada ya sala ya Isha. Wali wa nazi na samaki wa kupaka aliowapika kwa ajili ya chakula cha mchana walikuwa wangali chini ya kawa, naye hajala. Tulikaa kitambo kidogo tukaaga, kwa sababu hoteli ya Sur tulikuwa tumekwisha kuilipia. Mwaka uliofuata tuliletewa habari ya msiba wake.

Kwa hiyo, yafaa mwenye kupanga aandike kwanza majina ya jamaa na miji yao, kisha ndipo avipange vivutio kando ya njia. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba kuunga udugu ni sababu ya kukunjuliwa riziki na kurefushiwa umri. Wasafiri wakiwa watatu au zaidi, mafundisho yake ni kumteua mmoja wao awe amiri, ili pasiwe na mabishano kila penye njia panda.

Njia tunayoipendekeza ni ya mzunguko. Ondokeni Maskati siku ya Alhamisi, mlale Nizwa, mwendo wa kilomita 160 hivi. Ijumaa asubuhi mapema hufanyika mnada maarufu wa mbuzi na ng'ombe karibu na ngome kubwa ya mviringo, iliyojengwa na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba katika karne ya 17. Mnada humalizika mapema, nanyi mkapata wasaa wa kuoga na kuwahi sala ya Ijumaa. Ni kweli kwamba Ijumaa si faradhi kwa msafiri, lakini kwa nini kuikosa mkiwa karibu na msikiti?

Kutoka Nizwa hupandwa Jabal Akhdar kupitia Birkat al Mouz. Hapo simameni kuutazama mfereji wa Falaj al-Khatmeen, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hugawanywa kwa zamu baina ya wenye mashamba. Baada ya hapo kuna kituo cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hurudishwa. Juu, kiasi cha mita 2,000, kuna baridi ya kuhitaji sweta. Mawaridi ya mlima huo, yanayotengenezewa marashi, huchanua mwezi wa Aprili, kwa hiyo msafiri wa Desemba asiyatarajie.

Hapa tuseme neno zito. Madereva wetu wamezoea kupita kushoto; Oman hupitwa kulia. Na hatari kubwa zaidi ni mabonde makavu yaitwayo wadi. Mvua ikinyesha milimani, bonde hujaa ghafla hata kama mlipo nyinyi jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua watu kadhaa katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, wakiwemo wanafunzi waliokuwa ndani ya gari lililosombwa na maji. Maji yakikatiza barabara, rudini au ngojeni. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, na haraka ya kuwahi hoteli si udhuru.

Jangwa la Sharqiyah huingiwa kwa upande wa Bidiyah. Msiingie bila dereva mwenyeji, wala bila kupunguza upepo wa magurudumu. Nasi tulidharau yote mawili. Chukueni madumu ya maji ya kunywa na ya udhu, kwani kuwapo mchanga mbele yenu si ruhusa ya kutayamamu ilhali maji ya kutosha yamo garini.

Kuhusu sala, kwa madhehebu ya Shafii safari inayozidi kilomita 80 na ushei huruhusu kupunguza sala za rakaa nne, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Anayesali nyuma ya imamu mkaazi hukamilisha naye. Wenyeji wengi ni Ibadhi, na kwao mgeni huendelea kupunguza maadamu hajapafanya mahali hapo kuwa maskani yake. Msigeuze sebule ya watu kuwa uwanja wa mabishano.

Kutoka jangwani mtateremka Sur, mji wa mafundi wa majahazi yaliyokuwa yakifika Lamu na Zanzibar. Karibu yake ni Ras al-Jinz, ambako kasa hupanda usiku kutaga mayai. Mkirudi Maskati kwa njia ya pwani mtayapita magofu ya Qalhat. Ibn Battuta, aliyefika pia Mombasa na Kilwa, aliuona mji huo kutoka Sur akadhani ni karibu, akaenda kwa miguu. Kiu na uchovu vilimwelemea hata akalazimika kupumzika siku kadhaa kwa mtawala wa mji.

Ibra iko kati ya Nizwa na jangwa. Katika mji huo na vijiji vya jirani zipo koo nyingi zilizowahi kuishi Zanzibar na bara, na wazee wanaozungumza Kiswahili wangalipo. Itengeeni siku mbili, kabla ya jangwa, si baada yake. Siku ya kuondoka Nizwa pigeni simu, mseme mtafika saa ngapi. Na mkichelewa njiani, pigeni tena, ili wenyeji wenu wale.