Fizi Zinaporudi Nyuma na Shingo la Jino Kulika

Baada ya darsa la akina mama, bibi mmoja alituuliza kama yafaa kuacha kusukutua katika udhu, kwani maji ya baridi yakigusa meno yake humchoma hadi utosini. Tulimjibu kuwa kwetu Mashafii kusukutua ni sunna, kwa hivyo udhu wake ungesihi, na maji ya uvuguvugu yangemfaa zaidi. Lakini alipoongeza kuwa ameazimia kuyang'oa meno hayo, yote matatu, tulimsihi aonane kwanza na daktari wa meno.

Kumbe meno yalikuwa mazima. Fizi ndizo zilizorudi nyuma zikaacha mizizi wazi, na shingoni mwa kila jino pamechimbika kama gogo lililotiwa panga. Mzizi hauna lile gamba gumu linalokivika kichwa cha jino, ndiyo sababu hulika upesi na kuhisi kila baridi.

Mara nyingi mharibifu ni mkono wetu wenyewe. Brashi ngumu ikivutwa mbele na nyuma kama msumeno hula ufizi na jino pamoja. Hata mswaki wa mti, alioupenda Mtume (s.a.w.), huumiza ukitumiwa hivyo, nasi tuliutumia hivyo miaka mingi, tukidhani nguvu ni ziada ya thawabu! Utafunwe hadi nyuzi zilainike, kisha upitishwe taratibu kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino. Ndimu, ukwaju na embe mbichi nazo hulegeza jino. Sukutua kwa maji, ungoje nusu saa au zaidi ndipo upige mswaki.

Ufizi uliorudi nyuma haurejei wenyewe. Daktari huondoa ukoga, hupaka dawa yenye floraidi, na penye shimo la kina huziba kwa dawa ya rangi ya jino. Kuziba hakurudishi ufizi. Ikilazimu, chini ya sindano ya ganzi, huchukuliwa nyama nyembamba kaakaani ikashonwa juu ya mzizi. Jino likihitaji yote mawili, dawa huishia pale ufizi unapotarajiwa kufika, na panapobaki hufunikwa kwa nyama. Mfupa wa baina ya meno ukiwa umepungua, mzizi haufunikiki wote. Na mvuta sigara hupona kwa shida.

Bibi yetu alizibwa meno mawili, la tatu likapakwa dawa tu. Sasa asukutua mara tatu, kwa maji ya mfereji.