Bonde la Douro, Nchi ya Mvinyo na Kuta za Mawe

Neno "mvinyo" Waswahili walilipata kwa Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Lakini ni wachache waliopata kuiona nchi yenyewe utokako mvinyo wa Wareno ulio mashuhuri, yaani bonde la mto Douro, kaskazini ya Ureno.

Msafiri huanzia Porto, mji wa kale ulio karibu na mahali mto uingiapo baharini. Hupanda gari la moshi katika stesheni ya São Bento, ambayo kuta zake zimepambwa kwa vigae vya samawati vyenye picha za mambo ya zamani. Baadaye reli huufuata ukingo wa mto, na vilima vyaonekana vimekatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, toka majini mpaka juu.

Huko udongo ni haba. Wazee waliuvunja mwamba, wakajenga kuta kwa mawe yale yale pasipo saruji wala chokaa, wakapanda mizabibu nyuma yake. Mizizi hupenya ndani ya nyufa kutafuta maji. Mwaka 1756, kwa kuwa wafanya biashara wengine walikuwa wakiuharibu mvinyo kwa kuutia rangi ya matunda mengine, serikali iliweka mipaka ya nchi hiyo, kisha ikasimamisha nguzo za mawe, ili sifa ya zao isipotee.

Karne moja baadaye ukaja msiba. Mdudu mdogo aliyetoka Marekani, aitwaye filoksera, alikula mizizi, na mashamba mengi yakafa. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha tawi la mzabibu wa Ulaya na shina la mzabibu wa Marekani, ambao mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Hata hivyo matuta mengine hayakupandwa tena mizabibu; yangali yakionekana mpaka leo, yameota vichaka.

Mjini Pinhão, vigae vya stesheni vyaonyesha kazi ya mavuno: wanawake wakichuma zabibu, na mashua za rabelo zilizokuwa zikipeleka mapipa Porto kabla reli na mabwawa ya umeme hayajaimaliza kazi yao. Kusini ya mto uko mji wa Lamego, wenye kanisa lililo juu ya kilima, ambalo hufikiwa kwa ngazi 686.

Mwaka 2001 UNESCO iliitia nchi hii katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini heshima hiyo haijengi ukuta. Vijana wengi wamehamia mijini, na mvua kubwa ikiangusha jiwe moja, sharti awepo mtu wa kulirudisha kwa mikono. Wakulima wa Douro walijua tangu zamani kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwao ukuta ndio shamba.