Gari la kale lifufuliwe, lisighushiwe

Katika baadhi ya karakana za Marekani utamkuta fundi aliyebobea akipulizia rangi chini ya gari la mwaka wa 1969, na pale rangi inapozidi na kuanza kuchuruzika, haifuti. Huiacha ichuruzike mpaka ikauke. Kisha huchukua kalamu ya nta na kuchora kwenye ekseli alama ya ovyo ovyo, mfano wa ile aliyoichora mkaguzi wa kiwanda zaidi ya nusu karne iliyopita. Asiyejua atamcheka. Vipi mtu aliyelipwa kulitengeneza gari aliharibu kwa makusudi? Kumbe fundi huyo haharibu kitu. Anajitahidi kulirudisha gari katika hali liliyokuwa nayo siku lilipotoka kiwandani, pamoja na makosa ya wafanyakazi waliokuwa na haraka.

Magari yanayofanyiwa kazi hiyo ni yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Yalikuwa magari ya umbo la kadiri yaliyotiwa injini kubwa za silinda 8, yakauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kazi ya kawaida aliweza kuimudu. Wengi huhesabu kwamba enzi yake ilianza na Pontiac GTO ya mwaka wa 1964. Wakati huo kampuni ya General Motors ilikuwa imekataza magari yake ya kadiri kutiwa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, waliikwepa amri hiyo kwa ujanja. GTO haikutangazwa kuwa gari jipya. Ilitangazwa kuwa nyongeza ambayo mnunuzi wa gari la Tempest angeweza kuiagiza, na nyongeza yenyewe ilikuja na injini ya inchi 389, yaani takriban lita 6.4. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa magari 32,450. Hata hivyo, enzi hiyo haikudumu. Ada za bima zilipanda, sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka wa 1970, na nchi za Kiarabu ziliposimamisha mafuta mwaka wa 1973, mambo yakaisha.

Yaliyobaki leo yana wapenzi wake, na miongoni mwao wapo wanaoshikilia kwamba gari la 1969 lisitiwe kitu ambacho hakikuwapo mwaka wa 1969. Hawatosheki na kipuri kinachofanya kazi. Wanadai kipuri cha zama zake. Wataitafuta kabureta yenye nambari ileile iliyoandikwa katika vitabu vya kiwanda, wataagiza matairi yaliyofumwa nyuzi kimshazari kwa mtindo wa zamani ingawa ya kisasa hushika barabara vizuri zaidi, na watalipa fedha nyingi kwa kipuri kilichotengenezwa wakati ule kikabaki ndani ya kasha lake bila kutumika. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Je, huu ni wazimu wa watu wenye fedha na nafasi? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini tukiangalia kwa makini tutaona kwamba kazi hii, ikifanywa sawasawa, ni tawi la historia. Chukua injini ya silinda 8 ya Chevrolet ya miaka hiyo. Juu ya chuma chake kuna alama iliyofinyangwa siku chuma hicho kilipomiminwa: herufi ya mwezi, tarehe, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea hivyo hadi L ambayo ni Desemba. Kwa hiyo injini iliyoandikwa C 14 9, ikiwa ni ya gari la 1969, ilimiminwa tarehe 14 Machi 1969. Gari likiwa liliunganishwa mwezi wa Februari, basi injini hiyo haikuzaliwa nalo, hata mwenyewe akiapa vipi. Mwanafunzi wa historia ataitambua njia hii mara moja. Ndiyo ileile ya kulinganisha hati na hati, tarehe na tarehe, mpaka ukweli ujitenge na uvumi.

Hapa ndipo penye hatari. Kadiri fundi anavyokuwa stadi wa kuiga yaliyopita, ndivyo anavyoukaribia ughushi. Mkono unaoweza kuchora alama ya mkaguzi wa 1969 unaweza pia kugonga nambari ya uongo kwenye chuma. GTO ya 1964 na ya 1965, kwa kuwa ilikuwa nyongeza tu, haina nambari ya chesisi inayoitofautisha na gari la LeMans la kawaida. Tofauti hiyo ilianza mwaka wa 1966, GTO ilipofanywa gari la kujitegemea. Basi mtu mwenye LeMans nzee na vipuri halisi vya zama hizo anaweza kuivisha beji, akaitia injini ifaayo, akaiuza kwa bei ya GTO. Kila kipuri kitakuwa cha kweli, na gari zima litakuwa uongo. Atakayemfichua ni karatasi tu: rekodi za kiwanda zinazoonyesha gari lile liliagizwa na nini. Pontiac yenyewe ilifungwa mwaka wa 2010, lakini rekodi zake zimehifadhiwa, na ndizo zinazowatetea wanunuzi. Njia ya mwongo ni fupi pale kumbukumbu zinapotunzwa.

Aidha, tusidhani kwamba kila kilichokuwa cha zamani kinastahili kurudishwa. Injini nyingi za miaka hiyo zilizoea petroli yenye madini ya risasi, ambayo yalizilinda vali zisile viti vyake. Madini hayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Marekani iliyapiga marufuku kabisa katika mafuta ya magari ya barabarani mwaka wa 1996, na hapa kwetu tuliyaaga kufikia mwaka wa 2006. Mkarabati mwenye busara hutia viti vigumu vya vali, ambavyo havionekani kwa nje, ili gari litumie petroli ya leo. Hali kadhalika, breki za wakati ule zilikuwa na asbestosi, vumbi linaloua mapafu. Yeyote anayeitafuta asbestosi kwa jina la uhalisi amesahau kwamba gari huendeshwa na binadamu. Mabadiliko ya namna hii si aibu, mradi yatajwe.

Wakati mwingine uhalisi hudai fundi asiguse kabisa. Ipo Mustang ya kijani aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka wa 1968. Familia moja iliinunua mwaka wa 1974 na kuitumia kama gari lolote lile. Mama wa familia, aliyekuwa mwalimu, aliiendesha kwenda shuleni kufundisha. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka wa 1977 akiomba kuinunua, wala hakufanikiwa. Baadaye gari liliharibika, likawekwa kwa miaka mingi. Lilipoonyeshwa tena hadharani mwaka wa 2018 lilikuwa bado na kutu, mibonyeo na rangi iliyochakaa. Chini yake palikuwa na vyuma vilivyochomelewa wakati wa filamu ili kushikilia kamera. Fundi anayetafuta usahihi wa kiwanda angeving'oa vyuma hivyo, kwa sababu Ford haikuviweka. Na kwa kuving'oa angeufuta ushahidi uliolifanya gari lile kuwa tofauti na Mustang nyingine zote. Januari 2020 liliuzwa mnadani, na kutu zake, kwa dola milioni 3.74.

Mwalimu wa fasihi hatashangaa. Mhariri anayesoma muswada wa utenzi wa kale akakuta neno limeliwa na mchwa, ana njia tatu. Anaweza kuacha pengo. Anaweza kulijaza kwa neno linalolingana na vina na mizani, akalitia katika mabano ili msomaji ajue kwamba ni lake. Au anaweza kulijaza na kunyamaza. Mbili za kwanza ni usomi. Ya tatu ni wizi, hata neno lenyewe liwe zuri namna gani.

Maoni yangu ni kwamba mkarabati wa magari afuate sheria hiyohiyo. Na awe na daftari. Aandike kipi kilikuwapo, kipi kimeng'olewa, kipi ni halisi cha zama zake na kipi ni nakala ya jana, kisha daftari hilo liandamane na gari kila linapobadilisha mwenyewe. Hapo tone lake la rangi litakuwa funzo. Bila daftari, tone hilohilo litakuja kumdanganya mtu ambaye bado hajazaliwa.

Nanyi wanafunzi, mnaponakili tarehe, shairi au jedwali la maabara ya sayansi, mkumbuke kwamba kukosa si dhambi na kukarabati si dhambi. Mlipojaza pengo, tieni mabano.