Jakarta na Singapore: Saa Zilizotuchezea Shere

Muhula uliopita swali moja la Jiografia lilipotezea alama karibu darasa zima, nami nikiwemo. Swali lenyewe: ndege inaondoka Jakarta saa mbili asubuhi na kufika Singapore saa tano kasorobo. Nyingine inaondoka Singapore saa mbili na kufika Jakarta saa tatu kasorobo. Kila saa ni ya mji husika. Umbali ni kilomita 880 hivi. Tafuta mwendo.

Tukakimbilia kalamu! Kwenda, kilomita 320 kwa saa. Kurudi, zaidi ya 1,170! Jirani yangu akaninong'oneza eti ni upepo. Upepo gani huo, jamani? Ndege ya abiria ikishapanda juu huenda kilomita 800 hadi 900 kwa saa, basi.

Ukweli ni kwamba safari ni saa moja na dakika 45 kila upande, ila saa ya Singapore iko mbele ya ile ya Jakarta kwa saa moja. Gawanya sasa: mwendo wa wastani ni kama kilomita 503 kwa saa. Mbona mdogo hivyo? Kwa sababu muda huhesabiwa tangu ndege inapong'oa nanga uwanjani hadi inaposimama kabisa. Kutambaa chini, kupanda, kushuka na kungoja zamu ya kutua, vyote vimo.

Umbali nao unaweza kuukagua mwenyewe. Ndege huvuka Ikweta, kutoka nyuzi 6.1 kusini hadi 1.4 kaskazini. Hizo ni nyuzi 7.5, na kila moja ni kilomita 111: jumla 832. Kwa upande wa longitudo tofauti ni nyuzi 2.7, yaani kama kilomita 300, maana karibu na Ikweta nyuzi hizi hulingana. Tumia kanuni ya Pythagoras. Utapata 884.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni hiki: Jakarta ndiyo iliyo mashariki zaidi! Nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua huitangulia Jakarta kwa dakika kama kumi na moja. Basi saa yake ingekuwa mbele, siyo nyuma. Kumbe saa hupangwa na serikali. Malaysia ya bara ilikuwa saa saba na nusu mbele ya Greenwich, ilhali majimbo yake ya Sabah na Sarawak yalikuwa saa nane. Tarehe 1 Januari 1982 bara ikasogeza saa zake mbele nusu saa ili nchi nzima iwe na saa moja, na jirani yake Singapore ikafuata, biashara zisije zikakorogeka. Jakarta ikabaki saa saba. Ndiyo maana Singapore jua la utosi hufika karibu saa saba mchana.