Basi Kuukuu la Shule na Siri Iliyo Chini ya Sakafu

Wasomaji wengi wamepata kuona picha za mabasi ya rangi ya manjano yachukuayo watoto wa shule katika Marekani. Rangi ile haikuchaguliwa ovyo. Mwezi wa Aprili mwaka 1939, Bwana Frank Cyr aliitisha mkutano katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, zikapatanwa kanuni 44. Mojawapo ilikuwa rangi hiyo, kwa kuwa herufi nyeusi husomeka vyema juu yake hata wakati wa mapambazuko.

Basi likiisha kuzeeka huuzwa, na wako wanunuao ili waligeuze kuwa nyumba ya kusafiria. Mtazamaji husema, "Ng'oa viti, tia kitanda, basi." La, sivyo.

Kwanza hufunguliwa nyaya za betri, ili umeme usilete madhara. Kisha viti. Bolti zake hupenya sakafu, na nati zake zi chini ya gari. Kwa hiyo mtu mmoja hulala chini na spana yake, na mwenziwe hufungua juu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bolti iliyoshikwa na kutu hutiwa mafuta na kuachwa usiku kucha. Ikikaidi hukatwa kwa mashine, na mkataji hana budi kuyakinga macho yake. Tena atazame kama kuna mipira ipitishayo maji ya moto ya kupashia gari joto, asije akaikata.

Zikiisha kazi hizo, hubanduliwa mabati ya dari na ya kuta. Ndani yake mara nyingi mna sufi ya kioo iwashayo ngozi na kudhuru mapafu. Afunike pua na avae mikono mirefu. Lakini mbavu za chuma za paa asiziguse. Tangu mwaka 1977 sheria ya nchi ile imetaka paa la basi la shule liweze kuhimili uzito gari linapopinduka, na nguvu hiyo imo katika mbavu hizo.

Sasa imebaki sakafu, na hapa ndipo wengi hukosea. Juu kuna mpira, chini yake mbao, na chini kabisa bati la chuma. Mbao zikionekana safi, mwenye haraka huziacha. Kumbe maji ya mvua yaliyopenya madirishani, na theluji iliyoletwa na viatu vya watoto miaka mingi, yamejificha chini yake na kulila bati kimyakimya. Pia kila bolti iliyotolewa imeacha tundu.

Matundu hayo si jambo dogo. Chini yake hupita bomba la moshi wa injini, na katika moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aivutaye usingizini huenda asiamke tena. Kwa hiyo mbao zote zitolewe, kutu ikwanguliwe, bati lililooza lichomelewe jipya, kila tundu lizibwe, ndipo ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Chombo cha kutoa kengele hewa hiyo inapoingia nacho kiwekwe karibu na kitanda.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye basi asiyeziba tundu, huenda asipewe hata nafasi ya kuujenga ukuta huo.